Mwanya wa Kalondu

Gatina, mtaa wetu hapa Nairobi, ilikuwa na watu wawili ambao kila mtu aliwajua: mimi Mwanzia, kwa nyama, na marehemu Kimanzi, kwa rangi. Nimejitaja kwanza kwa sababu yeye hayupo kubisha.

Kimanzi alitoka Mwala, kule Machakos, kama mimi. Ila mimi nilitangulia kufika Nairobi, na ndimi niliyemwonyesha pa kulala. Shule tuliiacha karibu darasa moja. Mimi niliacha kwa kuwa nilikuwa nimeshajua mambo yote, na yeye aliacha kwa kuwa mwalimu alimkuta akimchora ubaoni. Alimchora akafanana naye kabisa, na hapo ndipo kosa lilipokuwa.

Mjini alianza kwa kuandika majina ya makanisa kwenye mabati. Baadaye akaingia kwenye picha: kichwa cha mbuzi kwa wauza supu, gurudumu kwa fundi wa baiskeli, na wanawake kwa watu wa saluni. Kutoka Gatina mpaka Riruta, na ng'ambo huko Kibera upande wa Olympic, saluni ambayo haikuwa na mwanamke wa Kimanzi mlangoni ilionekana kama bado haijafunguliwa.

Alikuwa na namna yake ya kuanza. Mafundi wengine huanza na kichwa wakateremka. Kimanzi alianza na meno. Alisema rangi nyeupe ikishachafuka haina dawa, kwa hiyo ni bora itangulie, brashi ikiwa bado safi. Basi ungepita asubuhi ukute meno peke yake yanakuchekea kwenye bati, hayana mdomo wala mwenyewe. Mimi nilikuwa nasimama kumchokoza.

"Kimanzi, huyu wako amekula nini mpaka akamaliza uso?"

Anajibu bila kugeuka, "Amekula nyama yako, Mwanzia. Imemshinda, amebaki meno."

Na meno hayo, yale mawili ya mbele juu, yalikuwa na mwanya katikati. Kila mwanamke, kila mlango. Waithira, mwenye saluni jirani na bucha yangu, alimjia juu siku alipochorewa bango lake.

"Mimi nimekuambia msichana wa kisasa. Mbona unaniletea mwenye mwanya?"

"Mama, mwanamke najua kumchora mmoja tu," Kimanzi akamwambia. "Ukitaka mwingine, itabidi utafute fundi mwingine."

Waithira akasonya, lakini bango alilitundika.

Huyo mmoja alikuwa Kalondu, mke wake, aliyebaki Mwala na shamba na watoto. Gatina nzima ilijua hivyo. Asiyejua alikuwa Kalondu. Kila Krismasi Kimanzi akienda nyumbani alimwambia, "Wewe uko Nairobi yote, Kalondu, unachekea watu milangoni." Na kila Krismasi Kalondu alimjibu kwamba mume anayekaa mjini mwaka mzima hakosi hadithi. Kule kijijini wambea walikuwa wameshampelekea habari kwamba mumewe huwakalisha wasichana wa saluni mbele yake akawachora, na mwenye akili ajaze mwenyewe yanayofuata. Simu yake ni ya kubonyeza, picha haionyeshi. Hakuwahi kuja mjini, na Kimanzi hakuwahi kuchora nyumbani. Mganga hajigangi.

Mwaka jana kifua kilimlemea Kimanzi, tukamsafirisha, tukamzika Mwala. Watu walipokuwa wakitawanyika, Kalondu alinivuta kando.

"Shemeji, hao wanawake wa milangoni ni akina nani?"

"Ni wewe."

"Na wewe pia umeanza?"

Nikamwambia basi, iko siku utakuja ujionee. Watu wengi huniamini nikisema neno. Yeye alinitazama kama unavyomtazama mtu anayekuuzia mbuzi usiku.

Siku yenyewe ililetwa na Ian, kijana wa Kibera. Yeye na wenzake huchora kuta, na wengi wao walijifunza kwa kusimama nyuma ya Kimanzi na kumtazama. Walipata ukumbi Olympic, wakasema wataweka kazi za mzee humo kwa wiki moja, watu waje waone. Wakayaita maonyesho ya kumbukumbu. Sasa, kazi za Kimanzi haziko kwenye fremu. Ni mabango na milango, na kila mlango una mwenyewe na biashara yake. Ian akaja Gatina akapita akiomba. "Tunakopa tu, anko. Wiki ikiisha inarudi." Kanisani pia ikatangazwa, na hakuna aliyekataa. Nikampigia Kalondu, akasema atakuja.

Lakini hebu fikiria. Kwetu ukisikia kumbukumbu ya marehemu, unafanya nini? Unafyeka kaburi, unapaka msalaba rangi, unapiga nguo pasi. Hakuna anayekwenda mbele ya marehemu na uchafu. Waithira akalitazama bango lake: rangi imepasukapasuka, jua limekula shavu moja. Akaona aibu. Akamwita Lusweti, fundi aliyerithi wateja wa Kimanzi, mtu mpole mwenye mkono safi sana, akapaka upya. Kinyozi wa pale kona akaona bango la Waithira linang'aa, naye akamwita. Mama wa supu akamwita. Habari zikavuka mpaka Olympic, na huko pia Lusweti akaitwa. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake. Ni heshima tu ilikuwa ikitembea mlango kwa mlango.

Ikanifikia mimi. Waithira akasimama mbele ya bucha, mikono kiunoni.

"Mwanzia, na huu mlango wako? Utaupeleka hivi kwa kumbukumbu ya watu?"

"Mlango wangu unajulikana."

"Unajulikana kwa masizi."

Alikuwa na haki, ingawa sikumpa. Mlango wa bucha yangu ukifunguliwa hulala ukutani, kando ya jiko la kuchomea nyama. Kimanzi alikuwa amechora pale mwanamke ameshika sahani, na kwa miaka yote hiyo moshi na mafuta vilikuwa vimemfukiza mpaka akabaki macho mawili gizani. Nilimwambia Lusweti anifikie. Akasema nitakuwa wa mwisho, na kazi zilikuwa nyingi, na huo mwisho haukufika.

Mikokoteni ikavuka Ngong Road imebeba wanawake wanaong'aa kama wanakwenda harusini, na nyuma yao mlango wangu umelala kifudifudi. Ukumbini Waithira alijipa kazi ya kupanga. Wanawake wote ukutani, mbele. Mlango wangu akausukuma nyuma karibu na viti vilivyorundikwa, uso umetazama ukuta. "Usituaibishe," akasema.

Ian alipoingia akapita bango kwa bango, halafu akasimama katikati.

"Anko, nani amefanya hii?"

"Lusweti. Amewatoa vizuri, ama?"

"Amewatoa fiti. Lakini hii sasa ni show ya Lusweti. Sisi tulitaka mkono wa mzee."

"Mkono wa mzee uko hapo chini ya rangi," Waithira akasema, akionyesha kwa kidole. "Sisi tumemsafishia tu."

Lusweti alikuwepo. Alishika kofia yake mikononi.

Hapo ndipo Kalondu akaingia, na nguo yake ya kanisani na kitambaa kichwani, na mfuko wa ndengu aliotuletea. Akatusalimia mmoja mmoja. Halafu akaanza kupita ukutani, polepole, mikono imefungwa nyuma. Wengine walidhani anatazama rangi. Mimi niliona anatazama midomo.

Nami nikaitazama. Wanawake wa Lusweti walikuwa na meno mazima, meupe, yameshikana kama ya tangazo la dawa ya meno. Hakukuwa na mwanya hata mmoja ukutani.

Kalondu alifika mwisho, akageuka.

"Ni wazuri," akasema. "Sasa niambieni, hawa ni akina nani?"

"Ni wewe, shemeji."

"Mwanzia. Nimetoka Mwala, na bado mnanidanganya?"

Lusweti akakohoa. "Mama, kulikuwa na nafasi hapa katikati ya meno. Nilidhani rangi imebanduka. Nikaziba."

"Zote?"

"Zote, mama."

Kalondu akatikisa kichwa kama mtu aliyepewa jibu alilolitarajia. Akachukua mfuko wake, akauweka mezani, akauliza gari za Machakos anazipandia wapi. Hakuwa na hasira. Ingekuwa afadhali angekuwa nayo. Alikuwa amefunga safari kuja kujua kama mume wake alikuwa mkweli, na sisi tuliompenda tulikuwa tumemfutia shahidi wake kwa brashi.

Najua mambo mengi, lakini hili lilinijia nikiwa karibu kuchelewa. Nikaenda nyuma kwenye viti, nikauburuta mlango wangu mpaka kwenye mwanga.

"Huo tena?" Waithira akauliza.

"Huu hakuna aliyeuheshimu," nikamwambia.

Kalondu akaja akainama. Akapitisha kidole kwenye masizi, akakinusa.

"Ni mafuta."

"Ya mbuzi na ya ng'ombe, yote mazuri," nikasema.

Ian akataka tusubiri, aulize watu wanaojua kusafisha picha. Kalondu akamwambia sufuria zake zote amezitoa masizi kama hayo na hazijawahi kutoboka. Jikoni mwa ukumbi chai ilikuwa inachemshwa; akaomba maji ya vuguvugu, sabuni ya kipande na kitambaa. Akapiga magoti. Hakusugua. Alikuwa akiweka kitambaa, anangoja, anapangusa. Ikatoka sahani. Ukatoka mkono na kitambaa cha manjano cha begani, manjano ambayo hata mimi nilikuwa nimeisahau, kwa sababu jua halikuwahi kuifikia chini ya yale mafuta. Likatoka shavu. Mdomo aliuacha mwisho.

Alipoufikia, alipangusa mara moja tu, akaacha kitambaa kidondoke ndani ya maji.

Meno mawili ya mbele, na katikati mwanya.

Waithira alitazama mlango, akamtazama Kalondu, akarudi kwenye mlango.

"Mwanzia wewe," akasema taratibu, "miaka yote hii umemfunika mama wa watu na moshi."

Kalondu alikuwa bado amepiga magoti, mkono mdomoni. Tulingoja alie. Baadaye akautoa mkono.

"Masikio yangu si makubwa hivi," akasema.

Ndipo akacheka, na kila mtu mle ndani akaona alichokuwa akikiona Kimanzi kila alipochovya brashi kwenye rangi nyeupe.

Siku hiyo alikaa kwenye kiti kando ya mlango mpaka jioni. Watu wa Kibera walikuwa wakiingia, wanautazama mlango, wanamtazama yeye, halafu wanampa mkono. Lusweti alimjia na kopo lake, akasema anaweza kuifungua ile mianya yote, ni kazi ya brashi moja moja. Kalondu akafikiria.

"Acha. Hao ni wako, na umewachora vizuri. Andika jina lako chini."

Wiki ilipoisha mabango yakarudi milangoni. Mimi nilikuwa nimeshakuwa mtu mkubwa. Vijana walinipiga picha mbele ya mlango, nami nikawaeleza nilivyoutunza kwa makusudi. Nilikuwa nimeshapanga kuuwekea kioo, na jiko nilihamishe upande wa pili. Ndipo simu ya Kalondu ikaingia.

"Shemeji, huo mlango nautaka."

Nilikuwa na maneno mengi tayari: mlango wa biashara hauondoki, wateja wataniuliza, bucha bila mlango ni mzoga. Nilianza nayo. Akaningoja nimalize, kama alivyoyangoja yale masizi yalainike.

"Wewe ulimwona akichora," akasema. "Mimi sikumwona."

Nikauvua kwenye bawaba zake kwa mkono wangu mwenyewe, nikaufunga blanketi, nikaupakia kwenye lori la mtu wa Mwala.

Juzi nimempigia kumuuliza ameuweka wapi. Nilitarajia sebuleni, juu ya viti vizuri.

"Jikoni," akasema. "Ndio mlango wa jiko langu sasa."

"Shemeji, jikoni kuna moshi."

"Si moshi ndio uliomtunza?"

Siku hizi bucha yangu ina mlango mpya, wa chuma, mtupu. Lusweti amepita akaniuliza anichoree nini, nikamwambia angoje kwanza. Wateja wananiuliza yule mama wa sahani alikwenda wapi. Nawaambia amerudi kwake.