Nilivyosoma grafu ya tracker vibaya, Kirimi akaitwa mwizi wa miraa

Wakuu, hamjambo. Naandika nikiwa Embu. Haya yalinipata mimi mwenyewe na sijayapamba. Ningekuwa natunga, ningejipa sehemu nzuri kidogo.

Shule niliiachia Form One, huko Ruiri. Tangu hapo sijakaa mahali mwaka mzima. Nimefunga vitunguu, nimechimba mitaro, nimeosha magari. Lakini karatasi yenye maandishi hainipiti, hata kama imefungiwa njugu.

Na fizikia nilikutana nayo hivyo hivyo. Muuza njugu mmoja wa soko la Kianjai alikuwa anachana kitabu cha sekondari. Nikamwomba kilichobaki.

Kilichobaki kilieleza grafu ya umbali na wakati. Mstari ukipanda, kitu kinaenda. Ukipanda wima zaidi, kinaenda mbio. Ukilala, kimesimama. Kurasa zilizofuata zilikuwa zimeshaenda na njugu.

Wakuu, nilichizika. Nilichora kila kitu kwa mkaa kwenye ukuta wa stoo ya kazini. Punda wa maji. Mama anayeenda kanisani, anakumbuka amesahau Biblia, anarudi. Wenzangu wakaanza kuniita Profesa, na hilo jina nililipenda kuliko nilivyopaswa.

Wakati huo nilikuwa napakia miraa (mirungi) kwenye pick-up za Mama Nkatha. Anayejua miraa anajua haingoji mtu. Inachunwa asubuhi, inafungwa kwa majani ya ndizi, na isipofika Nairobi kabla ya ndege ya mizigo kuondoka, hiyo ni takataka.

Dereva wake alikuwa Kirimi, kijana mpole, mtoto wa mjane kutoka Ruiri kwetu. Alikuwa anajiandaa kuoa. Kwetu Meru posa haiendi bila miraa: unafunga fungu zuri, wazee wanalipeleka kwa baba ya msichana, na akilipokea, mazungumzo yameanza. Kirimi alikuwa ameshachagua hata shamba la kuchuna.

Siku moja mzigo wake ulichelewa. Ndege ikaondoka bila huo mzigo.

Kirimi alirudi akasema lori lilikuwa limeanguka mbele ya Embu, likafunga barabara dakika arobaini. Mama Nkatha hakuamini. Gari lilikuwa na tracker, kile kifaa cha kufuatilia gari, kwa hiyo alienda cyber akachapishiwa karatasi. Juu yake, grafu.

Hakuna aliyejua kuisoma. Nikaitwa.

"Profesa, kuja utusomee hii Biblia yako," Mama Nkatha alisema, na watu wakacheka.

Niliishika ile karatasi kama daktari anavyoshika picha ya X-ray. Upande wa chini kulikuwa na saa. Upande wa kusimama niliona "km", nikatosheka. Baada ya "km" kulikuwa na kitu kingine kidogo. Macho yangu yalikiona. Mimi sikukisoma.

Mstari ulipanda na kushuka mwanzoni. Nikasema hiyo ni milima na mabonde ya barabara yetu, si mnajua mteremko wa Nithi ulivyo. Watu wakatikisa vichwa.

Halafu mstari ukalala, juu kwenye themanini, dakika ishirini na tano.

"Hapa alisimama," nikasema. "Kilomita themanini kutoka hapa. Ni kama Chuka."

Mama Nkatha akamgeukia Kirimi. Chuka Kirimi ana shemeji, na huyo shemeji anauza miraa stejini, magari yanaposimama. Kwa Mama Nkatha hiyo ilitosha: Kirimi alimshushia sehemu ya mzigo.

"Mimi sikusimama Chuka," Kirimi alisema. "Profesa, angalia tena. Nilisimama mbele ya Embu. Uliza madereva."

"Madereva mnafunikana," Mama Nkatha alisema. "Na hapa chini, Profesa? Mbona mstari umelala chini kabisa?"

Chini kabisa, kwenye sifuri, dakika arobaini.

Sikujua. Ningesema sijui, leo nisingekuwa naandika huu uzi. Lakini watu walikuwa wamenizunguka, wakinisikiliza mimi niliyeacha shule.

"Hapo network ilipotea," nikasema.

Kirimi alifukuzwa siku hiyo hiyo. Habari za soko mnazijua. Kufikia Jumapili hakuna mwenye gari aliyemtaka, na baba ya msichana alituma neno: "Mwizi wa miraa ataniletea miraa gani?"

Mimi nikaondoka Kianjai baada ya muda, kwa kawaida yangu ya kutotulia.

Nilipata kibarua cha kupaka rangi shule moja hapa Embu. Nilikuwa juu ya ngazi, nje ya dirisha, na ndani mwalimu alikuwa amechora mstari uliolala juu.

"Hii gari imesimama?" akauliza.

"Hapana madam!" darasa zima likajibu. "Inaenda na spidi moja!"

"Imesimama wapi?"

"Kwa sifuri!"

Nilishuka kwenye ngazi nikakaa chini. Grafu ya spidi. Km kwa saa. Kirimi alikuwa anaendesha vizuri, themanini bila kupungua, na pale kwenye sifuri ndipo lori lilipokuwa. Karatasi yote ilikuwa inamtetea.

Nilienda Kianjai kesho yake. Nikamchorea Mama Nkatha upya, nikamweleza. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Juzi ulisoma hivi, leo unasoma vile," akasema. "Profesa, wacha hiyo maneno. Niko na dereva mwingine."

Nikaenda Ruiri. Kirimi nilimkuta akilima shamba la mtu. Msichana alikuwa ameshaolewa Timau. Nilimwambia yote pale pale, jembe likiwa mkononi mwake.

"Nilikuambia sikusimama Chuka," alisema.

Akanipeleka kwao ninywe chai. Mama yake aliuliza mimi ni nani, Kirimi akajibu, "Ni mtu tulikuwa naye kazini."

Yule mama alifurahi sana kwamba angalau mmoja alikuja kumwona mwanawe. Kabla ya chai akaomba. Aliniombea mimi na safari yangu. Halafu akamwombea yule aliyemharibia mwanawe jina, Mungu amfikie popote alipo.

Kirimi alifumba macho.

Mimi nikasema amina. Nikanywa chai, nikaondoka.

Nilichojifunza ni kidogo na kimechelewa: kabla ya kusoma mstari, soma kilichoandikwa pembeni, chote. Na neno "sijui" halijawahi kumfukuzisha mtu kazi.

Sasa nyinyi mnishauri, hata mkitaka kunitukana nitasoma. Nirudi Ruiri nimwambie yule mama ni mimi? Au nitakuwa naenda kujipunguzia mzigo wangu tu, na Kirimi abaki na wake?