Dereva Aliyempa Fahali Leseni

Juzi nilikuwa Nyamwaga nasubiri usafiri, nikaona Fuso iliyojaa viroba vya mawe ya dhahabu ikisimama mbele ya fahali. Dereva, macho mekundu, akatoa leseni dirishani, akamnyooshea yule fahali kwa adabu zote.

"Shikamoo, afande."

Afande mwenyewe, mama wa trafiki, alikuwa upande wa pili wa gari. "Marahaba. Umelala lini, mwanangu?"

"Juzi. Kidogo."

Wenye mawe, waliokalia viroba vyao wasije wakaibiwa, wakagonga paa la kabini. "Mama, muache aende. Tutapoteza foleni ya kusaga mawe kinuni."

"Mtavunjika shingo." Akamwandikia dereva faini, akachomoa ufunguo. "Atalala masaa manne. Nitaanza kuhesabu akianza kukoroma."

Basi wale wale waliokuwa wakimhimiza akanyage mafuta wakageuka walezi. Mmoja akampepea dereva kwa kofia, mwingine akafukuza kuku. Mimi nikakohoa, wakanigeukia wote.

"Mzee, kikohozi peleka kwenu."

Kisha dereva akakoroma.

Tangu dhahabu ianze kuchimbwa huku nimeona mengi, ila wanaume sita kushangilia mkoromo kwa kunong'ona, hilo ni geni.