Wifi Yangu wa Chumba cha Leza

Mikono ya wifi yangu haitetemeki. Hilo silikatai, na ndilo linaloniudhi. Mke huyu wa kaka yangu, mimi mwenyewe ndiye niliyemtafutia kazi kwenye maabara yetu, nikamfundisha kuelekeza leza, nikamgawia hata soksi. Chumba kile tunavua viatu, na wakati wa kupima hakuna kuongea, maana hata sauti inavitikisa vibati tunavyopima.

Vibati vyenyewe ni vidogo kama punje ya mchele, vya kuwekwa kwenye vifaa vya wasiosikia vizuri. Kibati ukikipa umeme kinatetemeka, ila jicho halioni kitu. Kwa hiyo tunaugawa mwanga wa leza: nusu unapiga kibati, nusu unapiga kioo kilichokazwa mezani, kisha unakutana tena. Kibati kikisogea kidogo tu, mwanga unabadilika, na kwenye skrini unasimama mstari tunaouita mwiba. Balaa ni kioo kikilegea: mwiba unasimama vilevile, na mashine haikuambii nani ametikisika.

Mwaka huu alitakiwa msimamizi wa chumba, mtu mmoja. Nafasi hiyo nimeingojea tangu wifi hajaolewa. Siku ya kuonyesha vipimo, mwiba wangu ulisimama mrefu, ukapendeza. Wake ulikuwa mfupi, mwembamba, safi. Mkuu wa maabara akauinamia huo, wangu akaupita tu. Jamani, roho iliniuma! Wivu ninao, sifichi. Nyumbani kaka hali chakula bila kumsifia mkewe, mama naye anaitikia, na mimi nimekaa papo hapo mezani kama kiti.

Basi nikasema mbele ya wote kwamba mwiba wa wifi si wa kibati, ni kioo kimelegea, na anayebisha azime umeme wa kibati aone. Kibati kikizimwa, mwiba wa kweli unalala. Wifi akazima, mwiba ukalala.

Mkuu akanigeukia. "Haya, tuzime na chako."

Mkuki kwa nguruwe. Wangu haukulala. Ulisimama palepale, kioo kikitikiswa na feni ya kupozea leza. Wiki nzima nilikuwa napima kioo changu mwenyewe.

Wifi akasogea mezani kwangu bila kunitazama, akaishika skrubu ya kioo, ikazunguka kirahisi.

"Kioo hiki nilikiazima mimi jana," akamwambia mkuu. "Sikukikaza vizuri nilipokirudisha."

Uongo mtupu. Hajawahi kukigusa.

Nafasi alipewa yeye, licha ya kosa alilojitwika. Nyumbani akaurudia uongo uleule, mama akamkaripia kwa kuniponza, akaniongezea mchuzi. Wifi akainamia sahani yake. Nami nikaula mchuzi huo. Angenicheka tu, ningejua pa kumchukia.