Pembe za Kuluba Zilipofungua Msimu

Siku yangu ya kwanza kazini nilifukuzwa jukwaani kabla ya saa ya chai. Nilikuwa nimevaa shati jeupe, mama yangu alilipiga pasi tangu jana yake, nami nikakatiza katikati ya jukwaa huku waigizaji wanafanya mazoezi. Msimamizi wa Ukumbi wa maigizo, mzee wa Ayivu aliyekuwa akija mjini Arua kwa baiskeli kila asubuhi, aliniita kando.

"Kijana, hii shati nyeupe iko ya nini? Umekuja kuoa?"

Nikasema nimekuja kufanya kazi.

"Basi kesho vaa nyeusi. Mutu ya nyuma ya pazia, watu wakimuona, kazi yake imekufa. Umesikia?"

Nilisikia. Nyinyi vijana mtashangaa kwamba neno moja la mkubwa wa kazi linaweza kumshika mtu mpaka anaota mvi, lakini hilo lilinishika. Tangu siku ile nilivaa nguo nyeusi na raba zisizolia, na watazamaji hawakuiona sura yangu.

Ukumbi ule ndio ulionifundisha umeneja wa jukwaa. Watu hudhani ni kazi ya kupanga viti. Viti nilipanga, sikatai, lakini kazi yenyewe ni kuita. Meneja hukaa gizani na maneno ya mchezo mkononi, hedifoni masikioni, na kila taa inayowaka, kila pazia linalofunguka, kila mchezaji anayetoka, anangoja sauti yake. Kwanza anasema "jiandae", na fundi anaweka kidole kwenye swichi. Kisha ananyamaza. Halafu anasema "enda". Neno hilo halitamkwi ovyo. Ukisema tu "enda kaniletee maji", fundi atazima taa zote na malkia atafia gizani, hakuna aliyemwona. Mimi nimeyashuhudia hayo, na malkia mwenyewe hakunisalimia mwezi mzima.

Baadaye nilihamishiwa gari la sinema. Afisa wa Habari aliyetuongoza alikuwa mtu wa haraka. Tulizunguka Dranya na Kuluba, huko kwetu Koboko, tukitundika shuka kwenye ukuta wa shule na kuonyesha filamu za kilimo na afya. "Yasini, sinema iko kama ugali," alikuwa akisema, "ikipoa hakuna mutu anataka." Kwa hiyo nilijifunza kufunga mashine huku gari bado linatikisika.

Tukifika Kuluba nililala kwa baba mdogo wangu, Mzee Taban. Baba yangu alikuwa askari, mimi nikakulia kambini, na Kiswahili cha kambi kilinijaa mdomoni kuliko Kikakwa cha nyumbani. Baba mdogo aliona hiyo ni aibu, na dawa yake ilikuwa kunipa pembe. Pembe zake ni za mti, zimechongwa ndefu na kufungwa kwa ngozi, na kila moja inatoa sauti moja tu. Huwezi kupiga wimbo peke yako hata uwe fundi namna gani. Unangoja wenzako, nafasi yako ikifika unapuliza, unangoja tena. Kidole kimoja hakivunji chawa.

"Yako iko hii," aliniambia. "Sauti ya wengine usiwaze nayo."

Nilipuliza likizo baada ya likizo, midomo ikavimba. Kisha kazi ikanivuta mjini, na pembe yangu akapewa kijana wa hapo, Musa.

Mwisho nikaajiriwa chuo kikuu hapo Arua, chini ya Mkurugenzi wa Sanaa, Dokta Ayikoru. Kwa umri ni binti yangu, kwa ukali ni afisa wa jeshi. Kila mwaka tulikuwa na msimu: picha na vyungu kwenye korido, filamu za wanafunzi, maigizo, ngoma za kila upande. Lakini usiku wa ufunguzi walipewa wageni kutoka mbali, wenye vyombo vya umeme. Sisi wa Koboko hatukuwahi kufungua. Mwaka wangu wa mwisho kabla ya kustaafu niliomba kwamba pembe za Kuluba zifungue. Kwenye kikao mtu mmoja akauliza kama hao wazee bado wako hai. Nilikasirika, nikarudia ombi langu kwa sauti.

Dokta aliniita ofisini. "Mzee Yasini, ufunguzi nimekupa. Nimewapigania huko ndani. Ikiharibika, hakuna mutu atanisikiliza tena nikitaja Koboko."

Na baba mdogo, nilipompelekea habari, alinionyesha pembe zikining'inia juu ya moshi wa jikoni. "Vijana wanasema hizi ziko za zamani," akasema. "Kama na mjini watazikataa, nitapasua, nipikie maharagwe." Hakuwa anatania. Namjua.

Siku ikafika. Watu walijaa korido, wanapiga picha mbele ya vyungu vya akina mama wa Dranya, na ukumbi ukaanza kujaa. Gari la Koboko likaingia. Nikawasalimia mmoja mmoja wakishuka, na Musa simwoni. Pembe yake ilikuwa imelazwa peke yake kwenye kiti.

"Musa tumemuacha hospitali Koboko," baba mdogo akasema. "Bibi yake ameanza uchungu wa kuzaa."

Nani atamlaumu mtu kwa hilo? Lakini bila Musa wimbo una shimo, na baba mdogo akaanza kuzifunga pembe kwa kamba. "Sipigi wimbo yenye shimo mbele ya watu. Turudishe nyumbani."

Dokta alikuja mbio. Alisikiliza, akasema tutaanza na filamu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyeshindwa. Halafu akaiangalia ile pembe ya peke yake. "Na hii, hakuna mutu mwingine anaijua?"

Baba mdogo akanyoosha kidevu kwangu. "Mwenyewe iko hapa."

"Wewe?" Dokta akasema.

Nikakataa. Nasema wazi, niliogopa. Nilisema midomo imesahau, nilisema mimi ni mtu wa nyuma ya pazia, nilisema nani ataita taa. Dokta hakubishana nami. Alinivua hedifoni, akaivaa mwenyewe. "Nifundishe."

Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nikamfundisha kando ya pazia: jiandae, nyamaza, enda. Nikamwambia ule ukimya wa katikati usiuogope, ndio kazi yenyewe.

Baba mdogo akamimina maji ndani ya pembe, maana mti mkavu unatoa sauti ya kukwaruza, ukilowa unafungua koo. Maji yakatiririka sakafuni. Miaka yote nimegombeza watu kwa maji jukwaani, na fundi wa taa akanitazama, kisha akarudi kwenye swichi zake. Nikasimama mwenyewe kwenye maji yale, wa mwisho kwenye mstari.

"Mzee Yasini, jiandae," Dokta akasema.

Akanyamaza. Ukumbi wote ukanyamaza naye. Alijua kungoja, yule binti.

"Enda."

Watu wangapi nimewaambia neno hilo, na mimi sijawahi kuambiwa. Nikatoka. Taa ikanipiga usoni na joto lake, kitu nilichokuwa nikikiwasha kila siku bila kukijua. Pembe kubwa ikalia, ya pili ikaitikia, nafasi yangu ikafika, nikapuliza. Sauti ikatoka nzima. Ikafika mpaka ukuta wa nyuma na kurudi, na wenzangu wakaipokea, wimbo ukazunguka bila shimo lolote. Huko nyuma akina mama wa Koboko wakapiga vigelegele, wazee waliostaafu jeshi wakasimama wima, na wanafunzi waliokuja kwa ajili ya filamu wakajaa kwenye njia za katikati wakicheza. Nililia huku napuliza, na haikuharibu sauti. Tulipomaliza Dokta alisahau kuita taa zizimwe, tukabaki tunang'aa mbele ya watu kama wezi waliokamatwa, ikabidi tupige tena.

Tukiwa bado tunafuta jasho simu ya baba mdogo ikalia. Musa amepata mtoto wa kike.

Sasa nimestaafu, naishi Koboko. Pembe hazijarudi juu ya moshi. Wapigaji wamekuwa wengi mpaka wanagombea zamu, na Kuluba ndiyo inayofungua msimu kila mwaka, hakuna anayeuliza kwa nini. Vijana mnaoshika kazi ile leo, fuateni neno la yule mzee wa Ayivu: vaeni nyeusi, kaeni gizani, muite vizuri. Mimi nimemtii vya kutosha. Msimu ukifunguliwa, napanda gari mapema kwenda Arua, nakaa mstari wa mbele kabisa, na nimevaa shati jeupe.