Saa Sita za Kufuta

Kwa miaka kumi na mmoja Wilfrido Ovelar alikuwa akifuta kompyuta kuukuu katika karakana moja mtaa wa Sajonia, jijini Asunción, kabla hazijapelekwa shule za mashambani. Alifanya kazi peke yake. Watu walizitua mezani, wakashukuru, wakaenda zao.

Bi Perla Insfrán hakwenda. Alileta kompyuta ya marehemu mumewe, akavuta kiti.

"Binti yangu wa Buenos Aires kasema wezi wasije wakaokota mambo ya benki ya babake."

"Nitaifuta yote, bi mkubwa. Diski nzima naiandika upya, mara tatu, mpaka cha zamani kisisomeke. Itachukua saa sita. Nenda tu nyumbani."

"Nyumbani kuna nini, fundi? Nitangoja."

Kabla hajabonyeza, Wilfrido alimuuliza kama kuna picha za kuhifadhi.

"Binti keshazichukua. Zilizobaki ni barua alizowaandikia wengine. Mimi hakuniandikia, tulikuwa tunalala chumba kimoja."

Akabonyeza. Wakakaa wakitazama asilimia zikipanda. Bi Perla alitoa chipa mbili, vimkate vya jibini, kwenye mkoba, Wilfrido akatia maji ya barafu kwenye majani ya tereré, chai yao ya baridi, kikombe kikawa kinakwenda na kurudi. Bi Perla alimsimulia jinsi marehemu alivyokuwa akichapa kwa kidole kimoja huku akiitukana mashine kwa Kiguarani.

"Na wewe, nani anakusikiliza ukitukana?"

"Hakuna, bi mkubwa."

"Basi leo tukana, nipo."

Wilfrido alicheka hadi akapaliwa. Hakukumbuka lini aliwahi kucheka humo ndani.

Ilipofika mia, Bi Perla aliishika kompyuta kidogo, kama mtu anayepima homa. "Hata uzito haikupungua," akasema, akaaga.

Ijumaa ilikuwa siku ya kuchana fomu za wateja. Kanuni aliiweka mwenyewe: kazi ikiisha, jina na namba ya mtu visibaki karakanani. Alipoifikia ya Bi Perla aliishika muda mrefu. Angeweza kupiga simu, lakini amwambie nini? Namba ile ilitolewa kwa ajili ya kompyuta, si kwa ajili yake. Akaichana vipande vidogo, kisha akajuta, maana hata tarakimu moja ya namba ile hakuikariri.

Bi Perla hakurudi. Hakuwa na kompyuta nyingine.