Boksi la Mistari Mitatu

Kibao kilikuwa ubavuni mwa mashine ya kukata maboksi, kimepakwa rangi ya kijani mara nyingi hata maandishi yake ya Kichina yakabaki vinundu tu chini ya kidole. Miaka kumi na tisa Shangazi, ndivyo kiwanda kizima kilivyomwita, alikunja maboksi hatua tatu kutoka hapo bila kukitazama. Alianza kukitazama siku mashine ile ilipokata vidole viwili vya dada yake.

Meneja alichapa neno moja kwenye faili la dada: uzembe. Kisha akamwachisha kazi. Mwanamke aliyewafundisha nusu ya wakunjaji wa pale akawa anaficha mkono wake hata akiwa peke yake jikoni.

"Labda kweli nilizembea," alimwambia mdogo wake.

Sentensi hiyo ndiyo iliyompandisha Shangazi hasira. Alitaka lile neno lifutwe, basi.

Akatandaza karatasi juu ya kibao, akasugua kwa penseli mpaka herufi nne zikajitokeza. Wenzake wakazielekezea simu.

"Inasema kondoo juu ya sahani," akasoma mmoja.

"Kumbe mashine ina njaa kutuzidi."

Wakacheka, wakarudi kazini. Ndiyo elimu ya siku hizi: kidole kwenye kioo, kicheko, yamekwisha.

Shangazi akaja kwenye meza yangu ya kuuzia vitabu vikuukuu, akachukua kamusi ya Kichina iliyokaa miaka sita bila kuguswa na mtu. Humo herufi zimepangwa kwa idadi ya mistari ya kalamu. Ukikosea kuhesabu, huambulii kitu. Wiki mbili alihangaika na herufi ya tatu, ile yenye kiboksi chini. Tuliihesabu wote wawili, tukapata mistari saba. Kwenye saba haikuwepo. Nikasoma utangulizi upya, na nikaona haya. Kiboksi ni mistari mitatu, si minne. Kushoto kwanza, kushuka. Halafu juu na kulia kwa mpigo mmoja, bila kuinua kalamu. Chini hufungwa mwisho.

"Miaka kumi na tisa nakunja maboksi," akasema, "na boksi lenyewe silijui."

"Andika tena, mama."

"Niache niudhike kwanza, mzee."

Alijaza daftari mbili. Nasi tulifundishwa hivyo zamani, hata kwa a na e: kalamu inaanzia hapa, inaishia pale, mwalimu amesimama nyuma yako. Wamefuta yote hayo, wakatuambia mkono hauna haja ya kujua kitu. Sasa tazama walipotufikisha.

Herufi ya tatu ilikuwa kwenye sita. Zote nne zikasema: Funika kwanza, ndipo uwashe.

Lakini mashine haikuwa na kifuniko. Shangazi aliuliza kila mtu, mpaka mfagiaji akamwonyesha ofisi ya meneja. Kilikuwepo humo, bati pana lenye matundu manne ya parafujo, limelazwa juu ya matofali, na juu yake birika na vikombe. Walikitoa ili kazi iende haraka.

"Hayo maandishi ni mapambo tu ya Wachina," meneja alisema. "Na hilo bati ni meza yangu ya chai."

 Shangazi akaandika herufi nne kwenye karatasi mbele yake, mstari kwa mstari, kiboksi akakifunga chini mwisho. Kisha akaondoa vikombe kimoja kimoja, akalipindua bati. Herufi zilezile zilikuwa upande wa pili, kwa rangi nyekundu ambayo hakuna aliyeigusa.

Mlangoni walisimama wakunjaji wote. Mashine ilikuwa imezimwa.

"Unataka nini?" meneja akauliza.

"Faili la dada yangu. Futa ulichoandika, andika ukweli."

Meneja akasogeza kompyuta.

"Kwa kalamu," akasema Shangazi.

Ilibidi meneja aazime. Akakata neno uzembe kwenye karatasi ya faili, akaandika chini yake kwamba kifuniko kilitolewa na ofisi. Mwandiko wake ulilala na kuinuka kama wa mlevi. Miaka mingapi hajashika kalamu, hata yeye hakujua.

Shangazi akasoma, akamrudishia karatasi.

"Neno ofisi halisomeki," akasema. "Rudia."