Dobi Aliyemwachia Mungu Upande Wake

Haya aliyasimulia wifi yake dobi huyu, dada wa marehemu mumewe, Jumapili moja baada ya ibada, akina mama tulipokuwa tukifagia kanisa. Waliishi nyumba moja mpaka mwisho.

Alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, binti wa seremala, akabatizwa haraka kwa kuwa hakuna aliyedhani angepona. Akapona. Aliolewa, akafiwa na mume mapema, akabaki na mwana mmoja na kazi ya udobi hospitalini. Wakamwita Mama Shuka. Msidhani alizaliwa na utulivu! Alikuwa na wasiwasi kama kuku mwenye vifaranga: hufunga mlango, akafika njiani, akarudi kuutikisa.

Mwanawe alipokwenda mbali kufanya kazi mgodini na habari zake zikakatika, usingizi ukamhama. Akaunguza mashuka kwa pasi, msimamizi akamwonya: akiunguza jingine, kazi hana.

Mashuka ya hospitali hukunjwa na watu wawili, kila mmoja na ncha mbili. Siku moja, kwa mawazo, alizikusanya zote nne peke yake, shuka likaburuzika majini. Mwenzake, mzee aliyeitwa Babu Sabuni, akaangua kicheko.

"Mama we, nami nimesimama hapa kama kigingi! Nipe ncha zangu." Kisha akasema taratibu, "Na Mungu naye umemnyima zake."

Neno lile lilimchoma. Akaenda nyuma ya kamba za kuanikia, akasema, "Baba, mwanangu ni wako na wangu. Shika upande wako." Basi, hakuongeza. Jioni ile alikula, akalala fofofo.

Wifi yake akawaka. "Mtoto wa kaka yangu hajulikani aliko, wewe unakoroma kama trekta!"

"Wifi yangu, nimemwachia asiyesinzia. Tukikesha naye, tutamsaidia nini?"

"Mama gani wewe!"

Mama Shuka akammiminia chai.

Baadaye habari ikaja: mwana amefukiwa na udongo mgodini. Alilia mpaka sauti ikamkauka, hakuwa jiwe. Lakini aliirudia sala ile fupi kila siku, machozi yakimtiririka, na kidogo kidogo moyo ukatulia. Tangu hapo wagonjwa wakawa wanamwita. Alikaa kando ya kitanda, akauliza, "Kinachokukera nini? Basi mwambie Baba hicho hicho, kwa maneno ya nyumbani." Wauguzi walishuhudia kwamba watu walioshindikana kwa dawa za usingizi walilala mbele ya macho yao.

Wifi peke yake hakukubali. Aliogopa wezi, aliogopa paa, na Mama Shuka alipougua aliogopa zaidi.

"Ukifa, mimi nabaki na nani?"

"Muulize Yeye, wifi. Wala usimpambie maneno."

Akafariki adhuhuri, uso umekunjuka. Hakutuachia jengo wala mali, ila njia hii ambayo hata mtoto anaiweza. Nasi tuifuate, kila mtu na mzigo wake.

Waombolezaji walipotawanyika, wifi alikaa chumbani, kitanda cha pili kitupu, jua bado linawaka nje. Akafungua kinywa. "Baba, naogopa." Akatafuta neno la kuongeza, asilipate. Akajiegemeza kwenye mto, viatu vya msibani miguuni, mlango hata hakuufunga, na usingizi ukamchukua.